Kinachobaki Baada ya Pango

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga bajeti katika mji ambao maisha yake ni ghali, na naona wa viti vya mbele mmeshatoa kalamu na daftari. Vizuri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami sina ugomvi nao. Ila leo nitaanza na jambo linalotangulia daftari. Katika mji ghali sehemu kubwa ya bajeti huwa imeshaamuliwa kabla hujaandika chochote. Iliamuliwa siku ile ulipotia saini mkataba wa nyumba.

Jambo hili lina umri mrefu. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani, Ernst Engel, alichambua hesabu za kaya za wafanyakazi wa Ubelgiji, akaona kwamba kadiri kaya inavyokuwa maskini ndivyo chakula kinavyomeza sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake. Mwaka 1868 Hermann Schwabe, aliyeongoza ofisi ya takwimu ya Berlin, akaonyesha kuwa pango, yaani kodi ya nyumba, nalo lina tabia hiyohiyo: mwenye kipato kidogo humpa mwenye nyumba sehemu kubwa zaidi ya alichonacho. Tofauti ya viwili hivi ndiyo inayotuhusu leo. Chakula unaweza kukipunguza jioni hii hii, ukala kidogo au ukala cha bei nafuu. Pango hulipunguzi jioni hii. Ukitaka lipungue, inabidi uhame.

Wengi mmesikia kwamba pango lisizidi asilimia 30 ya kipato. Watu huitamka kanuni hii kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni. Mizizi yake iko katika siasa za Marekani: mwaka 1969 sheria iliyosukumwa na Seneta Edward Brooke iliweka ukomo wa asilimia 25 ya kipato kwa wapangaji wa nyumba za umma, na mwaka 1981, serikali ilipokuwa ikibana matumizi, ukomo ukapandishwa hadi asilimia 30. Wapangaji hawakuwa wameongezewa nafuu yoyote. Namba ndiyo iliyosogea. Kuna pia mgawanyo wa 50, 30 na 20, ulioenezwa mwaka 2005 na Elizabeth Warren, wakati huo profesa wa sheria Marekani, na binti yake Amelia Warren Tyagi: nusu kwa mahitaji, asilimia 30 kwa unavyovipenda, asilimia 20 kwa akiba na madeni. Ni mgawanyo mzuri pale unapowezekana. Kwenye mji ghali, pango na nauli vikishakula ile nusu, umeme na chakula vinabaki mlangoni vikisubiri.

Ubovu wa asilimia ni kwamba haziangalii kinachobaki. Tuseme kuna watu wawili, na fedha zao tuzihesabu kwa sarafu yoyote mnayoitaka. Wa kwanza anapata 100 kwa mwezi baada ya makato yote, analipa pango 30. Wa pili anapata 300, analipa 120, yaani asilimia 40. Kwa kanuni, wa kwanza yuko salama na wa pili amekosea. Sasa chukulieni kwamba katika mji huo mtu mmoja hawezi kula, kusafiri, kujitibu na kulipia umeme kwa chini ya 75. Wa kwanza amebakiwa na 70: kila mwezi anakopa 5. Wa pili amebakiwa na 180, na usiku analala usingizi. Mtaalamu wa makazi wa Marekani, Michael Stone, ameitetea hoja hii kwa miaka mingi: uwezo wa kumudu nyumba upimwe kwa kinachobaki. Nami nasimama hapo. Kwa hiyo hesabu yenu msiianze na asilimia. Anzeni kwa kujumlisha kila kisichoepukika ukiacha pango, mtoe jumla hiyo kwenye kipato, na kinachobaki ndicho kikomo cha pango. Wengi hufanya kinyume chake. Wanatafuta nyumba kwanza, kisha wanaishi kwa masalia.

Katika visivyoepukika, waingizeni na watu wanaowategemea. Kama kila mwezi kuna mzazi au mdogo wako unayemtumia pesa, hilo ni fungu kamili kwenye bajeti yako. Ukiliita “nikipata ziada”, litatoka kwenye akiba kila mara.

Sasa nauli. Mtu anaposema “nyumba za kule pembezoni ni rahisi”, huwa nauliza: rahisi kwa nani? Mwaka 1964 mchumi William Alonso alieleza jinsi bei ya ardhi inavyoshuka kadiri unavyosogea mbali na katikati ya mji, kwa sababu wanaokwenda kukaa mbali hulipa tofauti hiyo kwa njia ya usafiri. Kwa maneno mengine, ule unafuu wa pango ni nauli yako iliyokwishapigiwa hesabu na soko. Ndiyo maana taasisi ya Center for Neighborhood Technology ya Chicago hupima makazi na usafiri kwa pamoja, na kipimo chake ni kwamba viwili hivyo visizidi asilimia 45 ya kipato. Asilimia tena, najua, lakini wazo la kuviunganisha ni sahihi.

Tulifanye kwa namba, maana hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua. Chumba cha karibu: pango 45, nauli 3, jumla 48. Chumba cha mbali: pango 30, nauli 12. Jumla 42, unaona umeokoa 6. Ngoja kwanza. Anayekaa mbali hali nyumbani mchana, na usiku wa manane hatembei kwa mguu. Weka 4 kwa hayo. Uokozi umebaki 2. Halafu kuna muda. Saa moja zaidi kwenda na saa moja kurudi, kwa siku 22 za kazi, ni saa 44 kwa mwezi. Tuseme anayekaa mbali ni yule mtu wetu wa kwanza, na anafanya kazi saa 176 kwa mwezi ili apate ile 100 yake. Saa 44 ni robo ya saa zake za kazi, kwa hiyo kwa bei anayolipwa na mwajiri wake zina thamani ya 25. Yeye ameziuza kwa 2.

Sisemi kila mtu ahamie katikati ya mji. Mwenye watoto watatu anahitaji vyumba, na vyumba vikiongezeka tofauti ya pango inakuwa kubwa kiasi kwamba hesabu inageuka. Anayefanyia kazi nyumbani siku tatu kwa wiki naye ana hesabu yake. Ninachosema ni kwamba usilinganishe pango na pango. Linganisha pango, nauli na saa za huku na pango, nauli na saa za kule.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwenye bajeti ya mwezi, nayo ni kuhama kwenyewe. Amana, ada ya dalali, gari la mizigo, pazia lisilotosha dirisha jipya. Mtu akihama kila mwaka, na kila kuhama kukamgharimu sawa na pango la miezi miwili, huyo analipa miezi 14 kuishi 12. Pango lake halisi ni kubwa kwa karibu asilimia 17 kuliko lile la mkataba. Wakati mwingine ni heri kukubali mwenye nyumba apandishe kidogo kuliko kukimbia kwa hasira. Bima, ada za shule na safari ya kwenda kwenu nazo zigawe kwa 12, uzitengee kila mwezi. Dharura inayokuja tarehe ileile kila mwaka haistahili kuitwa dharura.

Kuhusu vitu vidogovidogo, yaani chai ya kununua na bando la simu, nitapita haraka. Viandikeni mwezi mmoja mvione, mfute vile visivyowapa raha yoyote. Basi. Sipendi mahubiri yanayomfanya mtu mwenye kipato kidogo aamini kwamba umaskini wake uko kwenye kikombe cha chai. Kuishi na mwenzako kunaokoa kuliko hayo yote. Kama nyumba ya chumba kimoja ni 45 na ya vyumba viwili ni 64, kila mmoja analipa 32. Umepata 13 kila mwezi kwa uamuzi mmoja. Ila someni mkataba. Mikataba mingi ya pamoja humfanya kila mpangaji awajibike kwa pango lote, kwa hiyo mwenzako akitoroka, 64 inakuwa yako.

Na mjipime mara kwa mara, maana bajeti iliyotosha mwaka huu inaweza isitoshe huko mbele hata kama hujabadili tabia. Tuseme mshahara 100 unapanda asilimia 4 kwa mwaka, na pango 40 linapanda asilimia 8. Baada ya miaka mitano mshahara ni karibu 122 na pango karibu 59. Ulikuwa ukibakiwa na 60. Sasa unabakiwa na 63. Kwa miaka mitano umeongezewa 3, na bei za vitu vingine hazikukaa kukusubiri. Hapo hakuna nidhamu ya matumizi itakayokuokoa. Ama kipato kiongezeke, ama nyumba ipungue, ama mgawane na mtu, ama uondoke mjini. Njia ni hizo nne, na kuondoka si aibu.

Nimeona mkono kule nyuma. Dada anauliza: amepewa kazi mbili, moja mji wa kawaida kwa 100, nyingine mji ghali kwa 150, achague ipi? Jumlisha visivyoepukika, pango likiwemo. Tuseme mji wa kawaida ni 60 na mji ghali ni 115. Kwenye mji wa kawaida unabakiwa na 40, kwenye mji ghali 35. Mshahara mdogo umeshinda. Lakini niulize swali moja: unakusudia kukaa mji ghali, au kuchuma na kurudi? Kama unakusudia kurudi, angalia ni kiasi gani cha hiyo 40 na hiyo 35 utakachoweka akiba kweli, kwa sababu akiba ya mji ghali utakuja kuitumia mahali ambapo vitu ni rahisi. Anayeishi na watu watatu nyumba moja kwenye mji ghali akashusha matumizi yake hadi 90 anaondoka na 60 kila mwezi. Asiyeweza kuishi hivyo achukue ile ya 100.