Kimfuko cha Dawa Juu ya Kabati

Asanteni kwa kunikaribisha Umoja. Wangapi mna kile kimfuko cha dawa zilizobaki? Inueni mikono. Naona ni karibu ukumbi wote, hata mchungaji.

Ndani mna vibahasha vilivyoandikwa "1x3" kwa kalamu, jina la dawa hakuna. Miezi ikipita, nani anakumbuka kama tembe hizo ni za maumivu, za presha au za sukari? Hizo za sukari ndizo zinazonikosesha usingizi. Mtoto wa miaka miwili akimeza tembe moja tu ya glibenklamaidi ya nyanya yake, sukari yaweza kushuka hadi azimie. Tena huenda ikawa saa kadhaa baadaye, mmeshamlaza mkidhani amechoka kucheza.

Halafu vijana. Tunamwogopa muuzaji wa dawa za kulevya wa kona, kumbe tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, iliyobaki baada ya baba kupasuliwa, na dayazepamu ya shangazi, ile ya kutuliza na kuleta usingizi, ziko hapo hapo kwenye kimfuko, za bure. Kijana akizimeza na pombe, vyote hivyo hupunguza pumzi. Anakoroma, wenzake wanamcheka, na huko ndiko kufa kwenyewe. Tramadoli peke yake ikizidi huweza kumwangusha kwa degedege mtu asiye na kifafa. Na ule "mchele" wanaotilia watu kwenye vinywaji huko baa? Aghalabu ni dawa za usingizi, zile za kuandikiwa na daktari.

Sasa tutupe wapi? Chooni hapana. Maji taka mengi ya Nairobi huishia mabwawa ya Ruai, ambayo hayakujengwa kuchuja dawa, kisha huingia mtoni, Athi hadi Sabaki, mpaka bahari ya Malindi. Kuchoma uani pia hapana, moshi wake una sumu. Uliza kwanza hospitalini au kwa mfamasia aliyesajiliwa kama wanapokea. Wasipopokea, toa tembe kwenye pakiti, changanya na majani ya chai yaliyochujwa au jivu lililoloweshwa, tia kwenye mkebe, ufunge kabisa. Nimesema mkebe kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, msinitafutie balaa. Mchanganyiko huo una sababu: kwenye jaa la Dandora watu huchambua taka kwa mikono, na tembe safi ikiokotwa yaweza kurudi sokoni.

Ndiyo, mama? Sindano za insulini? Hizo usichanganye na kitu. Tafuta chupa ngumu ya sabuni, zitumbukize bila kuzirudishia kifuniko, ikifika robo tatu ifunge uipeleke kliniki yako ya sukari. Wana sanduku lake.