Nani Aliyekifunga Chumbe?

Assalaam alaykum. Mwenyekiti amenipa nusu saa, na mnaonijua mnajua nusu saa yangu ilivyo. Nianze na lile lile, maana kila nikidhani limekwisha, mtu hunishika mkono Darajani: "Maalim, kisiwa chetu cha Chumbe, hapa jirani na Unguja, wazungu wamekifunga, wavuvi hawaingii."

Hawakukifunga wao! Nimelisema barazani, nimelisema harusini, leo nalisema kwa kipaza sauti. Chumbe kilifungwa kabla mtalii wa kwanza hajavua viatu pale. Waingereza walijenga mnara wa taa mwaka 1904, na kisiwa kikawa mahali pa kazi: mlinzi wa taa, nyumba yake, na kijimsikiti cha mtindo wa Kihindi. Baadaye jeshi likawa jirani, na vyombo vidogo vikakatazwa kuzubaa kwenye njia ya meli ziendazo Dar es Salaam. Kisiwa chenyewe hekta 22 hivi, maji matamu hakina, maji ya mvua ndiyo yanayokingwa mpaka leo. Nani angekipigania? Serikali ilitangaza hifadhi mwaka 1994, baada ya yule mama wa Kijerumani, Sibylle Riedmiller, kuhangaika mlango kwa mlango. Alikuta mwamba wa matumbawe haujaharibiwa. Angeukuta hivyo kama pangekuwa na dago, kambi ya wavuvi, na uvuvi wa baruti?

Namwona bwana mmoja kule nyuma anatikisa kichwa. Najua unalotaka kusema: mvuvi ndiye aliyelipa. Basi nakujibu kabla hujauliza. Wanaolinda mwamba ule, wengi wao walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Na yule anayetega samaki pembeni ya mpaka wa hifadhi, muulize kwa nini hategi mbali zaidi. Atacheka tu, maana samaki wanatokea mle.

Haya, nilikuja kusema habari ya taa.

Nilipeleka darasa langu. Mashua tulipanda Mbweni, wawili wakatapika, na wote wakakataa kuwa wametapika. Mle mnarani ngazi zinazunguka na kuzunguka, mkono unashika ukuta, na kila ukipumzika unasikia wenzako wanahema chini yako. Kijana mmoja alizihesabu kwa sauti akapata 131. Mwenzake akapata 132. Wakataka kupigana pale juu, upepo unawapeperusha mashati, na Unguja nzima iko mbele yao hawaitazami! Nikawaamua. Kidogo hivi, kibinti kimoja ambacho darasani hakisemi kikauliza: "Maalim, mlinzi alilala saa ngapi?"

Swali hilo nimelibeba miaka. Taa ya mafuta inataka mtu: kukata utambi, kufuta kioo moshi, kuongeza mafuta, na usiku kucha usisinzie, maana nahodha aliyeko nje anaihesabu mimweko. Nikamwambia, mwanangu, alilala mchana kama popo.

Lakini mwaka 1926 Chumbe ikawekwa taa ya gesi ya AGA, kampuni ya Uswidi. Na bwana mkubwa wa kampuni hiyo, Gustaf Dalén, alikuwa ameshavumbua kidude cha kuziendesha taa za gesi bila mtu. Sikilizeni, hapa ndipo ninapopapenda. Mnajua kwa nini buibui jeusi linachoma juani kuliko kanzu nyeupe? Ndiyo siri yote. Alichukua fimbo moja nyeusi, akaizungushia fimbo za metali zilizong'arishwa kama kioo. Kukipambazuka, nyeusi inameza mwanga, inapata moto, inarefuka. Zile zinazong'aa zinaurudisha mwanga, hazirefuki. Ule urefu wa unywele ndio unaosukuma wenzo, gesi inafungwa. Jua likichwa, fimbo inapoa, inafupika, gesi inafunguka, taa inawaka. Hakuna umeme. Hakuna saa. Hakuna wa kuamshwa.

Mwaka 1912 Dalén alikuwa akijaribu mitungi ya gesi, ukatokea mlipuko, akapofuka macho yote mawili. Mwaka huo huo akapewa Nobeli ya fizikia, na nduguye ndiye aliyekwenda kuipokea. Nikawasimulia watoto haya pale juu, nikadhani nimewaliza. Yule kibinti akaniuliza: "Sasa yeye alijuaje kama taa imewaka?"

Nikamwambia tushuke, mashua inatungoja.

Lakini mnaona? Kidude kile ndicho kilichoanza kuwapokonya walinzi wa taa kazi duniani. Wajenzi tunawaandika, mvumbuzi tunamwandika, na yule aliyekesha Chumbe na chupa ya mafuta hatumjui hata jina la baba yake. Kama babu yako alikaa kule, nenda leo ukamuulize bibi. Usisubiri mtafiti.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Matumbawe: yalipauka mwaka 1998 bahari ilipopata joto, yakapauka tena 2016, na hilo mlinzi hawezi kulizuia kwa doria. Panya waliangamizwa 1997. Kaa wa nazi, mkubwa, anapanda mti usiku, mtajionea. Paa nunga, yule paa mdogo wa kwetu, nilimwandalia ukurasa mzima, lakini ndio basi. Bei wanayotozwa wageni kule, msiniulize mimi, mimi wenyeji wa kule hunipa chai tu.

Maswali. Wewe bwana wa nyuma, anza, lakini lisiwe lile la wazungu.