Chini ya Meza: Mapambo ya Nyumba za Utotoni na Kazi za Sanaa

Nawashukuru waandaaji, na nawashukuru ninyi mliokubali kukaa kwenye viti hivi vigumu. Mada niliyopewa inasikika kama ya watu wenye muda wa kupoteza: mapazia, mazulia, vyombo vya kabatini, na namna vinavyojitokeza miaka mingi baadaye katika kazi ya mchoraji, mshonaji, mwandishi au msanifu wa majengo. Niwaambie mapema ninachokiamini, msije mkakaa mkikisubiri. Mapambo ya nyumba tulizokulia hayatusaidii kwa uzuri wake. Mengi yalikuwa ya ovyo tu. Yanatusaidia kwa sababu tuliyatazama muda mrefu mno, kutoka chini, bila kujua ni ya nini.

Hebu fikirieni kimo cha mtoto wa miaka minne. Ana kama mita moja. Sebule anayoiona yeye siyo ile aliyoipanga mama yake. Mama alitandika kitambaa cha meza ili kionekane kwa juu; mtoto anaona upindo, nyuzi zilizochomoka, na akiinama anaona upande wa chini wa meza, mbao ambazo hazikupakwa vanishi wala kupigwa randa vizuri, pengine na alama ya penseli ya seremala. Picha iliyotundikwa ukutani kwake ni kioo kinachometameta. Sisi watu wazima tukiingia chumbani tunakihukumu papo hapo: kizuri, kibaya, cha kizamani. Kisha tunaketi na hatukioni tena. Mtoto hana hukumu hiyo. Analazwa mchana hana usingizi, kaachiwa dari na ukuta, basi anavisoma.

Mimi nilikuwa nalala karibu na pazia lenye maua makubwa ya rangi ya machungwa. Aliyelishona alikuwa na haraka, au kitambaa kilimpungukia, kwa sababu vipande viwili vilikutana katikati bila maua kulingana. Kwenye mshono, kichwa cha ua moja kilikalia shina la ua jingine, na jani moja lililokatwa nusu likawa, machoni pangu, mdomo wa ndege. Upepo ukiingia, mdomo unafunguka. Nililijua jani lile kuliko nilivyowajua majirani. Leo watu wakitazama picha ninazozitengeneza kwa kubandika vipande vya karatasi, huniuliza kwa nini kingo zangu hazilingani. Huwa nawapa jibu la kisomi kuhusu mpasuko na mwendelezo. Ninyi nimewaambia ukweli.

Max Ernst, mchoraji aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1891, alieleza jambo linalokaribiana sana na hilo. Utotoni, mbele ya kitanda chake palikuwa na ubao uliopakwa rangi ili uige mahogani. Akiwa na homa, mistari ile ya kuigiza ilimgeukia ikawa jicho, pua, kichwa cha ndege. (Naye ndege! Inaonekana ni wepesi wa kujificha.) Agosti 1925, akiwa amepanga chumba kando ya bahari nchini Ufaransa, mbao za sakafu zilizolika kwa kusuguliwa zikamnasa macho, na ubao ule wa utotoni ukamrudia. Akatandaza karatasi sakafuni akasugua juu yake kwa penseli. Mbinu hiyo ikamzalia misitu na wanyama wasiokuwepo duniani. Angalieni kilichomfaa: hakikuwa mahogani, kilikuwa mahogani ya uongo.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mchongaji Louise Bourgeois, aliyezaliwa Paris mwaka 1911. Wazazi wake walikuwa na karakana ya kukarabati vile vitambaa vizito vya kutundika ukutani, vyenye picha zilizofumwa. Vitambaa hivyo huharibika zaidi kwa chini, panapogusa sakafu na unyevunyevu, kwa hiyo watu waliofumwa humo ndani hupoteza miguu. Binti akapewa kazi ya kuwachorea miguu mipya, ili wafumaji wapate cha kufuata. Tafakarini hilo kidogo. Wageni wa nyumba kubwa walitazama nyuso na mavazi ya wale waliofumwa, yeye alishughulika na nyayo. Alijifunza mapema kwamba pambo lina mahali linapoliwa, na kwamba kuna mtu anayekaa na sindano kuziba palipoliwa.

Mwaka 1999, akikaribia miaka tisini, akaunda buibui wa chuma mwenye kimo cha zaidi ya mita 9 na kumpa jina linalomaanisha mama. Watu wengi humwogopa yule buibui. Yeye alisema ni sifa kwa mama yake, aliyekuwa fundi wa kufuma na kukarabati. Na ukitazama miguu ile mirefu iliyochongoka, ni vigumu kuisahau ile miguu aliyoichora akiwa mtoto. Hilo la mwisho ni langu, yeye hakulisema.

Nyumba yake haikuwa na amani. Baba alikuwa na uhusiano na mwalimu aliyeletwa kuwafundisha watoto humo humo nyumbani, na uchungu huo haukumtoka maisha yake yote. Nalitaja kwa ajili ya wale ambao, wakisikia neno "utotoni", hawapati harufu nzuri puani. Hamlazimiki kuipenda nyumba ile ili mfanyie kazi mlichokiona mle. Wala haihitaji kuwa na mapambo. Ukuta mtupu wenye doa la maji ni pambo tosha. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji watazame madoa ya ukutani, wapate humo milima, vita na nyuso.

Msanii Do Ho Suh wa Korea Kusini alikwenda mbali zaidi: aliipima nyumba ya wazazi wake mjini Seoul, akaishona upya yote kwa hariri inayopitisha mwanga, mpaka ikawa nyumba ya kukunja na kusafiri nayo. Naye Njideka Akunyili Crosby, aliyezaliwa Nigeria mwaka 1983 na kuhamia Marekani akiwa kijana, huchora vyumba ambamo taa ya mafuta na birika za nyumba ya bibi yake zimekaa mezani pamoja na maisha yake ya sasa.

Sasa kuna mtego. Kumbukumbu haikai kama picha kwenye albamu. Kila tunapoikumbuka tunaijenga upya, na katika kuijenga tunaipiga rangi. Hapo ndipo mtu huishia kutengeneza sebule ya bibi iliyo safi kuliko ilivyowahi kuwa. Kutafuta kabati linalofanana na la bibi ni ununuzi, bado si ubunifu. Ukijikuta unachora kitu na kila anayekiona anasema "jamani, zamani kulikuwa kuzuri", rudi chini ya meza.

Namna ya kurudi ni ya kawaida sana. Chukueni karatasi mlizopewa mlangoni. Mchore ramani ya chumba kimoja mlichokaa kabla ya miaka saba: mlango, dirisha, kitanda. Mahali msipokumbuka, acheni peupe, msijaze kwa kubahatisha. Kisha mtie alama sehemu moja tu ambayo jicho lilikuwa likirudi tena na tena, hata kama ni ufa au msumari usio na picha. Pembeni yake andikeni mlikuwa mkiitazama mkiwa mmekaaje: chali, mmechuchumaa, au mmebebwa. Hilo la mwisho wengi hulipuuza, na ndilo nitakaloliuliza kwanza. Mna dakika kumi na tano.