Mtunzi wa Dansi Aliyerudi Kisangani

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Jioni hii nina swali moja: mtunzi wa dansi anatunga nini hasa? Nitalijibu kwa kumtazama Faustin Linyekula.

Alizaliwa mwaka 1974 nchini Kongo, enzi hizo ikiitwa Zaire, akakulia upande wa Kisangani. Alianza na fasihi na tamthilia. Masomo ya chuo kikuu yalipokatika kwa misukosuko ya nchi, alivuka hadi Nairobi, na mwaka 1997 yeye, Opiyo Okach na Afrah Tenambergen wakaunda Gàara, kundi la kwanza la dansi ya kisasa nchini Kenya. Hebu fikirini: hapakuwa na wakubwa wa kuwaiga.

Mwaka 2001 alianzisha Studios Kabako, kituo chake cha dansi na tamthilia, mjini Kinshasa. Majukwaa ya Ulaya yakamfungukia, na kwa kweli wengi wakifika hapo huhama moja kwa moja. Yeye mwaka 2006 aliihamishia studio Kisangani, mji ambao mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita, makombora yakiwaangukia raia majumbani mwao.

Mimi uamuzi huo nauhesabu kuwa kazi yake kubwa kuliko zote. Kijana wa Kisangani mwenye kipaji hatosheki na kuonyeshwa hatua. Anahitaji sakafu isiyomchubua magoti, umeme wa kurekodia muziki, na mwalimu ambaye kesho atakuwepo. Bila hayo kipaji hufia uani. Kwa hiyo Linyekula anatunga miondoko, sawa, lakini anatunga pia mahali ambapo miondoko itazaliwa.

Na sauti ya nyumbani hakuitupa. Mwaka 2009, katika onyesho lake la More more more… future, alimpandisha jukwaani mpiga gitaa Flamme Kapaya. Gitaa lile lile linalotuinua vitini likabeba mashairi ya Antoine Vumilia Muhindo, yaliyoandikwa gerezani. Mtu anatikisa mabega, huku maneno yanamchoma.

Miaka miwili baadaye akatoa onyesho la Le Cargo, na humo yuko peke yake. Anasimulia safari ya kurudi Obilo, kijiji kilicho kando ya reli alikoishi utotoni, akizitafuta ngoma za huko. Kisha maneno yanakoma, naye anaanza kucheza.