Poshe Si "Posh": Jina la Gari Halina Haja ya Kupitia London

(Mhadhara kwa wamiliki na mafundi wa magari ya kale, kama ulivyotolewa)

Wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na onyo moja: nisianze tena na habari za Pijo. Basi naanza na Porsche, Pijo tutaikuta njiani.

Porsche ni jina la ukoo. Mzee Ferdinand alifungua ofisi yake Stuttgart mwaka 1931, na gari la kwanza kubeba jina la ukoo, ile 356, likatoka 1948. Hayo mnayajua, wengine mmeyabandika ukutani gereji. Ninalouliza ni hili: ukoo huo unaitwaje? Unaitwa Porshe, ukipenda Poshe. Silabi mbili. Ile e ya mwisho Mjerumani huitamka kinyepesi, lakini huitamka. Anayeikata ni Mwingereza, maana katika maandishi yake e ya mwisho mara nyingi imekaa tu, haina kazi. Sasa wewe Mswahili, ambaye hata "benki" uliiona haijakaa sawa mpaka uipachike i, unakutana na neno limekuja na irabu yake kutoka kiwandani, halafu unaing'oa! Unasema "Posh". Kisa? Umemsikia mtu wa televisheni.

Naam, tumefika kwenye Pijo. Mwenyekiti, vumilia.

Nilipokuwa kijana wa sekondari, baba yangu mdogo alikuwa na Peugeot 404 pikapu. Ilitengenezwa na fundi mmoja mzee ambaye hakuwahi kukaa darasani. Jina la gari kwake lilikuwa Pijo, basi. Mimi na kiingereza changu cha kidato cha pili nikasimama mbele ya boneti, nikasoma herufi moja moja, nikamwambia: "Mzee, samahani, hili si Pijo. Hili ni Pe-u-ge-ot." Akaendelea kufunga plagi. Nikarudia. Akaniambia, "Haya, mwanangu, nipe spana ya Peugeoti." Vijana wa gereji wakacheka, nami nikadhani wanamcheka yeye.

Wiki haikupita, akaja padre mmoja Mfaransa na 404 yake, ya kijivu, inachemsha. Akashuka, akamwambia yule mzee, "Fundi, Pijo yangu inaumwa." Sawa, hakusema Pijo hasa. Mdomo aliukunja kama anayepuliza chai, na ile j ilikuwa laini zaidi, haina mgongano. Lakini t haikuwepo! Mzee hakusema kitu. Alinitazama tu, akanipa ndoo nikachote maji ya rejeta. Niliyachota mpaka jioni.

Mzee yule hakusoma jina, alilisikia. Na walilisikia wengi. Mnakumbuka Safari Rally ya 1966 na 1967, Bert Shankland, mtu wa hapa hapa Tanzania, alipotwaa ushindi mara mbili mfululizo na 404. Watoto waliokuwa kando ya barabara hawakuwa na habari na herufi zilizoandikwa mlangoni. Waliona tope, wakasikia injini, wakapiga kelele "Pijo!" Irabu ile ya Kifaransa hatunayo, tukaweka i, na mkazo tukauweka tunapouwekaga. Hiyo ndiyo kazi ya lugha, na imefanywa vizuri. Pijo ni neno la Kiswahili sasa kama meza.

Najua kuna mtu ananiambia moyoni: Mzee, unajipinga. Pijo ya Kiswahili unaikubali, "Posh" ya Kiswahili unaikataa. Hapana bwana. Pijo ilitoka kwa wenyewe ikaja kinywani mwetu moja kwa moja. "Posh" imepita London, ikakatwa mkia uwanja wa ndege. Mwingine atasema magari tuliletewa na Mwingereza. Mengine, ndiyo! Landrova ni yake, Bedford ni yake, Morris na Austin ni zake, na hapo tunamfuata bila ubishi. Lakini Mwingereza huyo huyo na Mmarekani, ambao lugha yao ni moja, hawajakubaliana Jaguar itamkwe vipi. Ndio unawafanya waamuzi wa jina la Mjerumani?

Halafu kuna jambo linaloniuma zaidi. Kinywa chetu ni chombo kizuri kwa kazi hii kuliko kile tunachokiiga. Mchukueni Mtaliano. Fe-RA-ri. Ma-se-RA-ti. Lam-bor-GI-ni, maana ile gh yao ni g ya gari, haina kikohozi ndani yake. Mkazo uko wapi? Silabi ya pili kutoka mwisho, kama "kitabu", kama "barabara". Alfa Romeo ni Ro-ME-o. Mswahili akiliona mara ya kwanza analitamka sawasawa, mpaka aende kozi, arudi anasema RO-mio.

Inayohitaji msaada kidogo ni Lancia. Ile i haitamkwi, ipo ili kulainisha c tu. Ni Lancha. Miki Biasion alishinda Safari na Lancha Delta mwaka 1988, akarudia 1989, na miaka yote miwili tulitangaziwa "Lansia". Nilikuwa naongea na redio kama mwendawazimu.

Wajapani nao irabu zao ni tano kama zetu. Isuzu ni jina la mto, tamka lilivyoandikwa. Datsun je? Mwanzoni, 1931, waliandika Datson, yaani mtoto wa DAT, lile gari lao la zamani. Wakagundua kwamba "son" masikioni mwa Mjapani ni hasara. Nani atanunua gari la hasara? Wakaweka "sun", yaani jua, badala ya mtoto. Kwa Kijapani likatua kwenye Dattosan. Wazee wetu walisema Datsani, wakachekwa na watoto wao waliosoma. Linganisheni wenyewe.

Na Subaru, kabla sijasimamishwa. Zile nyota kwenye nembo mmewahi kuuliza ni za nini? Subaru ni Kilimia! Kile kile ambacho wavuvi na wakulima wa pwani wanakitazama: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kuna mtu hapa ana Subaru miaka kumi na mbili na anadhani zile ni alama za ubora, kama hoteli. Sitamtaja, ameinama mwenyewe.

Dakika tano? Nilikuwa na tatu— haya.

Citroën. Vile vidoti viwili juu ya e maana yake o na e zisichanganywe: Si-tro-en. Ukoo ule ulitoka Uholanzi, na huko neno hilo ni limau. Na ile DS yao ya 1955, Mfaransa akizitaja herufi hizo, De-Es, masikioni mwake anasikia "mungu wa kike". Ukisema "Di-Esi" umebaki na herufi mbili na gari lenye uso wa samaki.

Škoda: kile kijikofia kinageuza s kuwa sh, kwa hiyo Shkoda. Kwa Kicheki neno hilo lina maana ya hasara pia, na hawakulibadilisha, wala gari halikugoma kutembea. Volkswagen: v yao ni f, w yao ni v. Folksvagen. Mercedes nilitaka kuieleza vizuri, ni jina la binti, Mercédès Jellinek, na jina lenyewe ni la Kihispania, lakini nyie mnasema Benzi, na Benzi mnaisema vizuri tu, endeleeni.

Renault… hakuna muda. Reno. L na t ziacheni.

Nimeletewa karatasi nitangaze. "Mwenye Posh ya bluu aisogeze, imeziba njia." Mwenyekiti! Huu ni mwandiko wako?