Shule Inakagua Nywele, Haizifundishi

(Mhadhara uliotolewa Lubumbashi mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi)

Jambo yenu wote. Mama zangu, baba zangu, walimu wenzangu, na ninyi watoto mliokaa kule nyuma mkidhani siwaoni.

Jumatatu asubuhi bendera ikishapanda, mwalimu wa nidhamu hupita kati ya mistari akitazama vichwa. Huyu amesuka vizuri. Huyu ameweka meshi, nywele za dukani, na sheria inakataza. Huyu hakusuka kabisa, arudi nyumbani. Mnacheka kwa sababu wengi wenu mmewahi kurudishwa. Sasa niambieni: kwa juma zima, ni saa ngapi shule hiyo hiyo inamfundisha mtoto kusuka? Hata moja. Tunasahihisha mtihani wa somo ambalo hatujalifundisha. Mimi nataka kusuka kuwe somo la shule.

Jibu letu la kawaida ni kwamba hilo ni jambo la nyumbani, mama atamfundisha. Mama gani? Mama yuko sokoni, mtaa wa Kenya hapa mjini, tangu alfajiri, akirudi ni kupika bukari na kulala. Bibi yuko kijijini, au ameshatutoka. Dada mkubwa anajua kuunganisha meshi, tena vizuri, lakini mpe kichwa cha nywele tupu, bila meshi wala uzi, uone mkono unavyosita.

Na si kwamba hatuna asili. Waluba wa upande wa Upemba, wale wanaoitwa Washankadi, walisuka nywele za ngazi ngazi, zikashuka nyuma ya kichwa tabaka baada ya tabaka. Kichwa kama hicho hakilaliwi ovyo. Ndiyo maana wachongaji walitengeneza mito ya mbao, inayoshika shingo na kuziacha nywele zisiguse kitu usiku kucha. Mito hiyo leo imewekwa katika makumbusho ya Ulaya, nyuma ya vioo. Mchongaji mmoja alikuwa hodari kiasi kwamba wataalamu wa huko, wasiojua jina lake, wamemtungia la heshima: Fundi wa Nywele za Maporomoko. Na msusi je? Yule aliyezisuka nywele ambazo mchongaji alikuwa anaziiga? Huyo hakutungiwa hata jina la kubahatisha.

Wamangbetu wa kaskazini-mashariki nao ni vivyo hivyo. Wanawake wao walisuka nywele zikapanda na kupanuka juu ya kichwa kuwa duara pana. Wasafiri wakazipiga picha, na miaka ya 1930 zikaonekana kwenye stempu za Kongo ya Wabelgiji. Stempu ina jina la nchi na ina bei. Msusi hayumo.

Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, tukafurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Lakini mkataba wenyewe, ule wa mwaka 2003, unautaja ufundi wa jadi pia, na unasema kwamba kuurithisha kwa elimu, ya shuleni na ya nje ya shule, ni njia mojawapo ya kuulinda. Kwa hiyo mkaguzi akija kuniuliza somo hili nimelitoa wapi, jibu ninalo.

Binti, wewe wa mbele, njoo ukae hapa. Usiogope, sikusuki mbele ya watu, nachora njia tu.

Hiki ni kitana cha mkia. Ncha inaanzia kwenye paji la uso na kuteleza hadi kisogoni bila kunyanyuka. Ukiinyanyua katikati, njia inapinda, na msuko mzima utafuata upotevu huo. Sasa nachora ya pili kando yake. Wa nyuma simameni. Hapa utosini njia mbili zimeachana vidole viwili. Kisogoni zimekaribiana, zinataka kugusana. Hakuna kosa hapo, kichwa ni mviringo. Mwalimu wa jiografia yuko wapi? Hizi ndizo longitudo zako, zinaachana ikweta na kukutana ncha ya dunia. Wewe unazichora ubaoni, pabapa, halafu unashangaa watoto hawaelewi.

Kisha vidole. Mafungu matatu. La pembeni linapita chini ya lile la kati, halafu la pembeni ya pili nalo linapita chini, na kila mara kidole kinachota nywele kidogo kutoka kichwani na kuziongeza. Kazi yote iko kwenye hicho kidogo. Ukichota nyingi, mstari unavimba; ukichota chache mno, unakonda na mwisho unajifumua. Mtoto wa miaka kumi na mbili akisuka mistari minane inayolingana, amegawanya, amekadiria, amerudia kipimo kilekile mara mia bila rula. Marekani yuko mtaalamu, Ron Eglash, aliyesaidia kutengeneza programu za kompyuta ambamo wanafunzi hujifunza jometri kwa kuchora misuko: wanageuza pembe, wanapunguza ukubwa, wanarudia. Kazi nzuri sana. Sisi tuna wamama wasusi wa mtaa wetu wa Katuba, tunangoja kompyuta.

Asante binti, rudi ukae.

Kuna jambo moja katika somo hili ambalo siwezi kulipita haraka, nalo ni kuvuta. Wahenga walisema ukitaka uzuri sharti udhurike, na wasusi wengi wameifanya methali hii kuwa sheria ya kazi. Mtoto analia, anaambiwa vumilia. Msuko uliokazwa kupita kiasi huvuta mizizi, na ukirudiwa mwezi baada ya mwezi nywele za mbele hukatika, kisha huacha kuota. Tazameni kwenye kingo za paji la uso za wanawake wa rika langu. Vipele vidogo mwanzoni mwa mstari, kichwa kuuma usiku, mtoto kushindwa kulala ubavu: hizo ni dalili, na dawa yake ni kufumua siku hiyo hiyo, hata kama umeshalipa. Tena kitana kilichopita kwenye mapunye hakipiti kichwa kingine kabla ya kuoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Haya nani anawafundisha wasusi wetu? Kila mmoja anajifunzia kwenye kichwa cha mtoto wako.

Baba mmoja ameniambia pale mlangoni: nimemleta mtoto shuleni ili asije akawa msusi. Baba yangu, nakuheshimu. Ila shule inamfundisha mtoto kuimba kwaya na hakuna anayeogopa kwamba atakuwa mwimbaji. Najua pia kwamba shule za ufundi zina sehemu ya urembo na nywele kwa anayetaka iwe kazi yake. Mimi nasema juu ya watoto wote, saa moja ya kazi za mikono kwa juma. Halafu nitazame tu humu ukumbini: ni wangapi ambao karo yao ililipwa na mama au dada anayesuka watu chini ya mwembe? Inueni mikono. Naam. Baba, geuka nyuma uone.

Wavulana wasuke pia. Wanaume wanaosuka wapo mjini humu na wateja wanawapanga foleni, kwa hiyo sioni la kujadili.

La kujadili ni hili: nani afundishe? Mimi nasema msusi wa mtaani, hata kama hana diploma, na alipwe. Tusimpe mwalimu wa Kifaransa kwa kuwa tu ni mwanamke. Na liandikwe kabisa kwenye kanuni: mwanafunzi hasuki mwalimu, wala watoto wa mwalimu, wala mke wa mkuu wa shule. Mnacheka, lakini msipoliandika, mwezi wa pili tu somo litakuwa limegeuka saluni ya bure.

Mama pale ameuliza mtihani utakuwaje. Mwanafunzi atapewa kitana, mafuta kidogo na kichwa cha mwenzake. Hakuna meshi, hakuna uzi. Alama za kwanza ni za njia, kabla hajasuka hata mstari mmoja. Akimaliza, namwambia aliyesukwa apandishe nyusi na ainamishe shingo. Ngozi ya paji la uso ikikataa kutembea, msuko huo ni sifuri hata ukipendeza vipi. Kisha mwanafunzi anafumua alichosuka, kuanzia nchani kwenda juu, pole pole, bila kukata unywele. Kufumua nako kuna alama, tena nyingi.