Simu Inawajua Majirani Zake

Ndugu zangu, juu yetu kuna ghorofa tatu za zege, na mawimbi ya setilaiti yanapenya humu kwa taabu. Lakini fungua ramani kwenye simu yako: lile doa la buluu limeshakuweka humu ndani. Nani kaiambia?

Simu huwasikiliza majirani. Kila antena ya mnara hutangaza namba yake mchana na usiku. Simu ikiisikia huitafuta kwenye orodha ya minara, ikapata jibu la jumla tu. Mjini utakosea mamia ya mita, shamba kilomita kadhaa.

Mnara lakini unajua zaidi. Kwenye GSM, yaani 2G, simu husema kwa zamu, na zamu moja haifiki hata sehemu ya elfu ya sekunde. Simu iliyo mbali ingechelewa ikaangukia zamu ya mwenzake, basi mnara huiamuru itangulie kidogo. Kutangulia huko kuna hatua, kuanzia 0 hadi 63, na kila hatua ni kama mita 550. Zidisha: kilomita 35. Ndiyo maana mnara wa kawaida wa GSM haukupokei kupita hapo, hata kati yenu ikiwa ni bahari tupu. Anayeijua hatua yako anajua uko kwenye pete gani kuuzunguka mnara. Na kwa kuwa minara mingi ina antena zilizogawana pande tatu, pete hiyo inabaki theluthi. Hesabu ya kupanga zamu, jamani, imegeuka futi kamba!

iPhone ya kwanza, ya 2007, haikuwa na GPS, yaani kipokezi cha mawimbi ya setilaiti. Januari 2008 ikaanza kujionyesha kwenye ramani kwa minara na Wi-Fi. Kampuni ya Skyhook ya Boston ilikuwa imetuma magari mitaani kuandika kila ruta, yaani kifaa kinachorusha Wi-Fi, iliposikika. Siku hizi kazi hiyo tunaifanya sisi: simu yenye GPS ikipita mlangoni kwako huinukuu ruta yako, bila kuhitaji nywila.

Mimi nilihama na ruta yangu kutoka Tanga kwenda Dodoma, viwanja vipya, jirani wa karibu hana hata umeme. Nikitoka uani, niko Dodoma. Nikirudi sebuleni, Tanga! Ilichukua siku kadhaa za mimi na wageni wangu kuingia na kutoka na simu zetu, ndipo ruta nayo ikahamia.